Mainasi 71, na diski iliyokuwa nzima muda wote

Juzi usiku nilikuwa nahamisha picha za miaka kama sita hivi kutoka kwenye laptop kwenda kwenye diski ya nje, ile kazi ya kuianzisha halafu unaenda zako kulala, sasa mi sikulala, nikakaa pale naangalia ule mstari unavyosogea kama konokono, ukafika karibu robo tatu ukasimama. Kimya. Kale kataa ka diski kakabaki kanawaka tu bila kupepesa. Baada ya kama dakika nzima kikaja kisanduku kimeandikwa "Input/output error", na kitufe kimoja cha kufunga. Basi, hakuna kingine.

Mi nikajua imekufa. Nikaanza kupiga hesabu kichwani humo ndani kuna nini na nini ambacho sina nakala yake kwingine, nikachomoa, nikachomeka, ikasoma, moyo ukatulia kidogo, nikaanza upya, ikakwama tena mbele kidogo ya pale pale. Nikawa nimeshaanza kuangalia diski mpya mtandaoni ndo nikakumbuka kitu ambacho huwa nawaambia watu kila siku na mwenyewe nilikuwa sijakifanya, kwamba kabla hujalia kafungue logi ya kerneli, yaani daftari la matukio la ule moyo wa mfumo, Linux kwa upande wangu. Mganga hajigangi, ndo hivyo.

Nikaandika dmesg, amri ya kuionyesha hiyo logi. Kulikuwa na mistari mingi, ila iliyonisimamisha ni hii: "device descriptor read/64, error -71", inajirudia, halafu chini yake "device not accepting address 7, error -71", na mwisho kabisa "unable to enumerate USB device". Mainasi sabini na moja. Kile kisanduku hakikuwa na namba hata moja, hapa namba ninayo, na ni tofauti kabisa na kile nilichokuwa nakiogopa.

Sasa nataka niziongelee hizi namba, kwa sababu naona watu wengi (na mimi nikiwemo, ushahidi huo hapo juu) tunazisoma kama vile ni majibu ya maabara, namba fulani basi ugonjwa fulani. Siyo. Namba ya hitilafu inayorudishwa na draiva (ile programu ya ndani inayoongea na kifaa) haikwambii kitu gani kimeharibika, inakwambia draiva ilikuwa inajaribu kufanya nini ilipokwama, na kwa jinsi ilivyoona yenyewe kutoka pale ilipokaa. Halafu ile inayokufikia wewe kwenye skrini mara nyingi siyo hata hiyo, ni habari ya kuambiwa na aliyeambiwa.

Hebu angalia safari yenyewe. Diski haijibu. Chipu ya USB kwenye kompyuta inaona haijajibiwa, draiva ya hiyo chipu inaandika mainasi 71, inampa draiva wa diski za USB, huyo anajaribu kurestati mawasiliano mara kadhaa, akishindwa anaipeleka juu kwenye tabaka la SCSI, ile lugha ya siku nyingi ya kuongea na diski, kwa lugha hiyo ya SCSI, ambayo haina 71, basi inageuka kuwa "hitilafu tu", inapanda kwenye tabaka la bloku, inapanda kwenye mfumo wa faili, na kila mmoja akiipokea anaitafsiri kwa msamiati alionao, mpaka inatoka nje ikiwa EIO, namba 5, yaani "kuingiza na kutoa kumeshindikana". Ambayo ni kama kumuuliza mtu kwa nini hujaja akakujibu kwa sababu sikuja. Na programu ya kukopi faili nayo ikaona hata hiyo 5 ni siri ya ndani, ikaniletea kisanduku.

Kama diski yenyewe ingekuwa imechakaa, yaani sehemu ya sahani haisomeki tena, kule juu ningepata kisanduku kile kile. Neno kwa neno. Lakini kwenye logi ningekuta "critical medium error" na maneno "Unrecovered read error", maana hapo diski inakuwa imejibu, imeongea, imesema mimi nipo ila sekta hii imenishinda. Mimi yangu haikusema chochote. Diski iliyokufa na diski isiyofikika ni vitu viwili, na tofauti hiyo inafutika njiani kabla haijakufikia.

Basi 71 kwenye Linux jina lake ni EPROTO, hitilafu ya itifaki, yaani ya taratibu za mawasiliano. Kwa upande wa USB maana yake ni kwamba nimetuma kitu kwenye waya na kilichorudi ama hakieleweki ama hakikurudi ndani ya muda. Nyaraka za kerneli yenyewe zinasema wazi kwamba namba za ukoo huu, EPROTO, EILSEQ, EOVERFLOW, kwa kawaida ni dalili ya kifaa kibovu au kebo mbovu. Na zinaongeza kitu kingine ambacho watu hawakijui, kwamba baadhi ya namba hizo, 71 ikiwemo, zinatokea pia ukichomoa kifaa katikati ya kazi, kwenye kile kipindi kifupi kabla draiva ya habu (inayosimamia soketi za USB) haijajua kwamba umechomoa. Kwa hiyo ukiona 71 moja imekaa peke yake sekunde ile ile uliyochomoa fleshi, achana nayo. Ukiona 71 zinajipanga na hujagusa kitu, geuka uangalie waya.

Nikabadilisha kebo. Ntarudi hapo, maana haikuishia pale.

Kwa asiyejua mambo ya ndani, utaratibu wenyewe wala siyo mgumu. Kwenye Linux kila kazi ndani ya draiva inarudisha namba moja nzima, ikiwa sifuri au chanya mambo ni mazuri (ukisoma data inakuwa ni idadi ya baiti ulizopata), ikiwa hasi ni hitilafu, ndo maana kwenye logi unaona ile mainasi. Namba ikitoka nje ya kerneli maktaba ya C inaipokea, inaondoa mainasi, inaihifadhi kwenye kitu kinaitwa errno, halafu inairudishia programu mainasi moja tupu, kwamba imeshindikana, sababu kaitazame kule. Na kwa zile kazi zinazorudisha anwani ya kumbukumbu badala ya namba, wana ujanja ambao mimi binafsi nauona mtamu sana, anwani 4095 za mwisho kabisa kule juu hakuna kitu cha kweli kinachoweza kukaa, basi wanaificha namba ya hitilafu humo. Ukisahau kukagua, ukaichukua ile "anwani" ukaifuata, kerneli inaanguka na unaona anwani ya ajabu kama fffffffffffffffb. Hiyo siyo anwani, hiyo ni mainasi 5, ni EIO imevaa nguo za watu. Inayoishia na ed ni mainasi 19, ENODEV, kifaa hakipo. Siku nilipojua hiyo nilipitia ripoti zangu zote za zamani za kuanguka kwa kerneli, nikawa nacheka peke yangu.

Sasa hiyo errno ina tabia moja mbaya, haijifuti. Kazi ikifanikiwa haimaanishi errno imerudi sifuri, inabaki na uchafu wa mara ya mwisho. Na hapo ndo kuna kile kisa cha taipureta. Zamani kwenye Unix namba 25, ENOTTY, maelezo yake yalikuwa "Not a typewriter", kwamba hiki siyo taipureta, kwa sababu enzi hizo terminali zilikuwa mashine za kuchapa kweli kweli na ENOTTY ndo jibu la draiva ukiiomba mambo ya terminali wakati yenyewe siyo terminali. Maktaba ya C inapoanza kuandika mahali huwa inauliza kwanza, samahani, hapa ni terminali? Ili ijue itunze maneno kwanza au iyamwage hapo hapo. Faili la kawaida linajibu 25, hapana, na ni jibu halali kabisa, hakuna kilichoharibika. Lakini ile 25 inabaki kwenye errno. Baadaye programu inashindwa kwa sababu nyingine kabisa isiyogusa errno, inaichungulia, inachapisha ilichokikuta, na watu walikuwa wanarudishiwa barua pepe zao na maelezo kwamba haikufika kwa sababu siyo taipureta. Siku hizi wamebadilisha maneno, inasema "Inappropriate ioctl for device", sijui kama hiyo ndo imesaidia mtu. Kosa lenyewe bado lipo, kila wiki naona mtu analalamika programu yake inampa hiyo kitu wakati hana hata wazo ioctl ni mdudu gani.

Na printa je. Hii naipenda kuliko zote. Draiva ya Linux ya printa za zamani, zile za ile soketi ndefu ya pini 25, ina waya tatu za kuangalia hali, waya wa karatasi, waya wa kuwa tayari, waya wa hitilafu. Karatasi zikiisha inaandika kwenye logi "out of paper", vizuri, inaeleweka. Lakini lazima irudishe namba, na kwenye orodha ya errno hakuna "karatasi zimeisha". Wakatafuta ya karibu. Wakachukua ENOSPC, namba 28, "hakuna nafasi kwenye kifaa". Ukifikiria ina mantiki yake, sehemu ya kuandikia imeisha, lakini mfikirie mtu anayetuma kurasa tatu kwa printa anaambiwa nafasi imejaa, anaenda kufuta video kwenye diski. Na kama printa ina karatasi, iko tayari, ila bado waya wa hitilafu unasema kuna shida, ile draiva inaandika "lp0 on fire". Inawaka moto. Ni kweli imo kwenye kodi, siyo utani wa mtandaoni, na namba inayorudi hapo ni EIO ile ile ya kwangu ya juzi. Yaani kutoka kwenye namba peke yake huwezi kutofautisha kebo iliyolegea na printa inayoungua.

Shikilia hiyo 28 kidogo, twende upande wa Windows.

Enzi za DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows, draiva ilikuwa inarudisha neno moja la hali, biti ya juu kabisa ikiwaka ni hitilafu, na baiti ya chini ndo namba: sifuri diski imezuiwa isiandikwe, 2 haiko tayari, 4 hesabu za CRC (zile za kuhakiki kama data imefika salama) hazilingani, 8 sekta haionekani, 9 printa imeishiwa karatasi, na 12 ni ile maarufu "General failure", kushindwa kwa ujumla, ambayo maana yake draiva imenyoosha mikono. Ndo kilikuwa kinakuja kile kiswali "Abort, Retry, Fail?". Watu wanadhani hayo yamekufa. Chukua orodha ya hitilafu za Windows ya leo, nenda namba 19, utakuta diski imezuiwa isiandikwe. Namba 21, haiko tayari. 23, CRC. 27, sekta haionekani. 31, "A device attached to the system is not functioning". Ni ngazi ile ile ya DOS, wameisogeza mbele kwa 19 basi, mpangilio haujaguswa. Na namba 9, karatasi? 9 jumlisha 19 ni 28. Kwenye Windows 28 ni karatasi zimeisha, kwenye Linux 28 ni nafasi imeisha ambayo draiva ya printa inaitumia kumaanisha karatasi zimeisha. Imetokea tu, hakuna aliyepanga, lakini siku nilipoiona nilimpigia mtu simu saa tano usiku kumwambia, hakufurahi kama nilivyotegemea. Halafu ukifungua kile kidirisha cha vifaa cha Windows, chenye alama ya mshangao ya njano, huko nako kuna "Code 28" na maana yake ni draiva haijainstoliwa. Namba hiyo hiyo, meza tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepata error 28" hajakwambia kitu, muulize ameiona wapi.

Ndani kabisa draiva za Windows hazitumii hizo namba ndogo, zinatumia NTSTATUS, biti 32, na hii kwa kweli imepangwa vizuri kuliko ya Linux, lazima niseme. Biti mbili za juu zinakwambia uzito wake, 00 imefaulu, 01 ni taarifa tu, 10 ni onyo, 11 ni hitilafu, ndo maana zile mbaya zote zinaanza na herufi C ukiziandika kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), na zinazoanza na 8 ni maonyo, chini yake kuna sehemu ya kusema imetoka idara gani halafu biti 16 za namba yenyewe. Ukikutana kwenye logi na namba hasi ndefu ya kutisha kama -1073741819 usihangaike kuigugo hivyo hivyo, ni mtu kaichapisha kama namba ya kawaida yenye alama, igeuze utapata C0000005, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Mac nao wana zao, -536870212 ukiigeuza ni E00002BC, ambayo ni "hitilafu ya jumla", yaani umefanya hesabu yote ile kuja kuambiwa kuna hitilafu.

Lakini uzuri huo wa NTSTATUS unapotea mlangoni, kwa sababu ikitoka kwenda kwa programu za kawaida inatafsiriwa kuwa zile namba ndogo za ukoo wa DOS, na tafsiri yenyewe ni ya wengi kwa mmoja. C0000001, ambayo ni draiva kusema "sikufanikiwa" bila maelezo, inakuwa 31. Kurudi nyuma haiwezekani, ukiwa na 31 mkononi huwezi kujua ilitoka kwa nani. Ni ule ule mchezo wa EIO.

Na ile "Code 43", aisee, hiyo imetupisha watu kadi nyingi nzima. Inasema Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti matatizo. Kimeripoti nani? Draiva. Draiva imesema mimi naona hapana, mfumo ukatii, hakuna aliyepima kifaa hapo. Kuna kipindi kirefu draiva za kadi fulani za grafiki zilikuwa zikigundua ziko ndani ya kompyuta ya kufikirika (virtual machine) zinagoma na kutoa 43 hiyo hiyo, kadi nzima kabisa, haina hata vumbi.

Halafu kuna namba ambazo siyo hitilafu kabisa ila zinapita mlango mmoja na hitilafu, na hizo ndo zinaongoza kwa kutisha watu bure. EAGAIN ni "sasa hivi sina, rudi baadaye". STATUS_PENDING ya Windows, 103 kwa heksadesimali, ni "nimeipokea kazi, bado naifanya". Na mainasi 517, EPROBE_DEFER, hiyo hutaiona nje ya kerneli, ila ukiwa unachezea vibodi vidogo utakutana nayo kwenye logi wakati wa kuwaka na utadhani kila kitu kimevunjika, wakati ni draiva ya skrini inasema siwezi kuanza kwa sababu draiva wa umeme ninayemtegemea hajaamka, niwekeni pembeni mnirudie. Wanarudiwa, inaanza, maisha yanaendelea. Mtu anakupa picha ya logi ina 517 kumi na mbili anauliza nibadilishe kifaa gani.

Angalizo dogo tu kwa wanaohama mifumo, namba kuanzia 35 hivi kwenda juu usiziamini nje ya mfumo wako. Muda umeisha, ETIMEDOUT, ni 110 kwenye Linux ya kawaida na 60 kwenye Mac na FreeBSD (mfumo mwingine wa ukoo wa Unix). Na hata chini ya hapo kuna mtego, EAGAIN ni 11 kwenye Linux na 35 kwenye Mac, na 11 kwenye Mac ni programu zimefungana zinasubiriana. Shika majina, namba ni za kupita.

Sasa nikiri dhambi yangu. Mwaka juzi niliandika kadraiva kadogo ka sensa ya joto, ile ya kuunganisha kwa waya mbili za I2C, njia ya vifaa vidogo kuongea na kompyuta, kazi ya kujifunza tu. Na kila mahali nilipokuwa naita kazi ya chini nilikuwa nimeandika ikirudi chini ya sifuri basi rudisha mainasi EIO. Nikaona nimefanya vizuri, nimeshughulikia hitilafu zote. Nikachomeka sensa, nasoma joto, EIO. Nikabadilisha waya, EIO. Nikaongeza vizuizi vya kuvuta umeme juu, EIO. Nikalala. Kesho yake nikanunua sensa nyingine, nikaiunganisha, EIO. Saa kama nane kwa jumla.

Kumbe tabaka la I2C lilikuwa linaniambia muda wote, linarudisha mainasi 6, ENXIO, ambayo kwenye I2C ina maana nyembamba sana, nimeita ile anwani na hakuna aliyeitikia. Siyo waya unaleta makelele, hiyo ingekuwa sura nyingine, siyo njia ya mawasiliano imekwama, hiyo ingekuwa namba nyingine. Nimeita, kimya. Kwa mtu aliyewahi kugusa I2C hiyo inakupeleka moja kwa moja kwenye anwani, na kweli karatasi ya sensa ilikuwa imeandika anwani 0x90, ambayo ni ya biti nane pamoja na ile biti ya kusoma na kuandika, wakati Linux inataka ya biti saba, ukiigawa kwa mbili unapata 0x48. Nikaandika 0x48, ikasema joto ni 27. Draiva ya chini ilikuwa na jibu, mimi nikawa naichukua 6 naitupa naweka 5. Marekebisho yalikuwa ni kufuta EIO na kurudisha ile ile niliyopewa. Neno moja, mara nne kwenye faili.

Toka hapo nikisoma kodi ya mtu nikaona anageuza kila kitu kuwa EIO huwa nasikia maumivu mgongoni.

Haya turudi kwenye diski. Kebo mpya, ikasoma mara moja, hakuna 71, nikaendelea kukopi pale ilipoishia, ikamaliza. Programu ilikuwa imeniorodheshea faili 11 zilizofeli usiku ule, nikazirudia zote 11, safi. Ningeweza kuishia hapo na ningelala na amani. Ila kwenye logi kulikuwa na mstari mwingine nilioupita haraka mara ya kwanza, "lost async page write".

Unaona, ukikopi faili kwenda kwenye diski ya nje, kerneli inachukua data inaiweka kwenye kumbukumbu kwanza, inaiambia programu tayari, halafu inaandika kwenye diski kwa wakati wake. Programu inaweka alama ya tiki, inahamia faili linalofuata. Waya ukifeli baada ya hapo, hitilafu inatokea wakati hakuna anayesubiri jibu, aliyeuliza ameshaondoka. Njia ya kuipata ni programu kuita fsync, yaani kuiambia kerneli andika sasa hivi kwenye diski halafu unijibu, na nyingi za kukopi hazifanyi hivyo. Na hata anayeita anaambiwa mara moja tu, akiita tena anaweza kujibiwa kila kitu kiko sawa. Watu wa PostgreSQL, ile database maarufu, waliligundua hilo 2018 wakashtuka, mwisho wakaamua database ikipata hitilafu kwenye fsync ijiangushe yenyewe ianze upya kutoka kwenye logi yake ya mabadiliko, kuliko kuuliza mara ya pili na kudanganywa.

Basi nikapiga hesabu za sha256, ile kama alama ya kidole ya faili, kwa picha zote pande mbili nikalinganisha, ilichukua muda mrefu kuliko kukopi kwenyewe. Zikatoka mbili hazilingani, zote zina tiki, hazikuwa kwenye ile orodha ya 11. Moja ukiifungua nusu ya chini ni kijivu tupu. Nikazikopi upya, nikaandika sync, nikasubiri mpaka irudi, ndo nikachomoa. Ile kebo ya zamani nimeikata na mkasi, maana najijua, ningeirudisha kwenye droo.